Nimeshakula kiapo cha uraia wa Uingereza: je, niende nyumbani kwa pasipoti ya zamani?

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni Mzanzibari, muuguzi, ninaishi Milton Keynes, na wiki mbili zilizopita nilikula kiapo na kupewa cheti cha uraia wa Uingereza. Mama yangu anaumwa Unguja, na nimeshakata tiketi ya kwenda kumwona baada ya wiki 5 pamoja na wanangu wawili. Binti yangu ana miaka 9, alizaliwa Unguja na ana ukaazi wa kudumu. Mdogo wake ana miaka 4. Yeye alizaliwa hapa baada ya mimi kupata ukaazi wa kudumu, na alikuwa na pasipoti ya Uingereza, lakini iliingia kwenye mashine ya kufulia ikiwa ndani ya mfuko wa koti langu. Je, ninaweza kuwaombea wote wawili pasipoti pamoja na yangu? Ninaweza kuandikwa jina la mume wangu, ambalo ndilo wanalonitumia kazini? Na pasipoti yangu ikichelewa, siwezi kwenda na kurudi kwa pasipoti yangu ya Tanzania, ambayo bado haijaisha muda wake? — Mama wa wawili.

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa kuuguliwa na mama. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu makosa katika hayo mengine yanaweza kurekebishwa kwa barua na subira, lakini kosa katika hili utaligundua ukiwa umesimama mbele ya kaunta ya shirika la ndege Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, mkononi una mtoto na mabegi, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Usisafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Kutoka Uingereza utatoka bila tabu, maana nchi hii haina dirisha la uhamiaji la kumgongea muhuri anayeondoka, na mhudumu wa ndege pale Heathrow atakachoangalia ni kama una haki ya kuingia unakokwenda. Mtego uko kwenye kurudi. Ukaazi wako wa kudumu, ule uliokuwa kwenye kadi na baadaye ukahamishiwa kwenye viza ya kielektroniki, ulikuwa ruhusa anayopewa mgeni. Saa ile uliyokula kiapo ulikoma kuwa mgeni, na ruhusa ile ikakoma pamoja na ugeni wako. Kwa hiyo shirika la ndege likiiingiza namba ya pasipoti yako ya Tanzania kwenye mfumo, litamwona Mtanzania, raia wa nchi inayohitaji viza, asiye na viza. Kuomba viza nako hakuwezekani, kwa kuwa Uingereza haimpi raia wake viza ya kuingia kwao mwenyewe. Cheti chako cha uraia, hata ukikibeba mkobani, si hati ya kusafiria, na mhudumu wa kaunta hana mamlaka ya kukisoma na kuamua.

Jambo hili lilikuwa hivyo siku zote kwa sisi tunaotoka nchi zinazohitaji viza, lakini tangu tarehe 25 Februari 2026 limekazwa kwa wote: raia wa Uingereza mwenye uraia wa nchi nyingine anatakiwa aoneshe pasipoti hai ya Uingereza au ya Ireland, au awe na cheti cha haki ya makazi kilichobandikwa au kuunganishwa na pasipoti yake ya kigeni. Cheti hicho huwafaa baadhi ya Wakenya, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili na pasipoti yao ya Kenya inabaki kuwa halali, ingawa ada yake, iliyokuwa pauni 589 mwaka 2025, ni zaidi ya mara 6 ya ada ya pasipoti yenyewe. Wewe hakikufai. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, ambayo inatumika Bara na Visiwani kwa kuwa uraia ni jambo la Muungano, inasema kwamba mtu mzima anayejipatia kwa hiari uraia wa nchi nyingine anapoteza ule wa Tanzania. Maana yake ni kwamba kile kitabu kilichomo kabatini mwako, hata kama tarehe iliyoandikwa ndani haijafika, hakikuwakilishi tena, na kukionesha kwenye dirisha la uhamiaji kama kwamba bado ni Mtanzania ni kujitafutia kesi kwa nchi ya pili, juu ya ile shida ya kurudi kwa nchi ya kwanza.

Najua kuna watakaokwambia kwamba fulani alikwenda na akarudi salama. Inawezekana, labda alisafiri siku chache baada ya kiapo, kabla kumbukumbu hazijabadilishwa. Mimi sikushauri uifanye safari ya kumwona mgonjwa kuwa bahati nasibu. Ukikwama Unguja, itabidi uombe pasipoti yako ya kwanza ukiwa huko, na tangu 2014 balozi za Uingereza hazichapishi pasipoti. Maombi yote ya walio nje hushughulikiwa Uingereza kwenyewe, hati zako zinapelekwa huko, na muda wa kungoja unaongezeka. Ile hati ya dharura ambayo balozi hutoa kwa aliyepotelewa na pasipoti safarini hukusudiwa mtu ambaye tayari aliwahi kuwa na pasipoti ya Uingereza, nawe hujawahi kuwa nayo.

Sasa tuje kwenye pasipoti yako. Maombi ya mtu mzima wa mara ya kwanza ndiyo yanayochunguzwa kuliko yote, kwa sababu ofisi ya pasipoti haina picha wala kumbukumbu yako ya awali, na huduma za haraka za wiki moja au za siku moja, ambazo wenzako wanaohuisha huzilipia, hazimhusu anayeomba kwa mara ya kwanza. Nakushauri uhesabu wiki 6 au zaidi kutoka siku ya kupeleka maombi, jambo ambalo linamaanisha kwamba tiketi yako ya wiki 5 uisogeze mbele sasa hivi, kabla gharama ya kubadilisha haijapanda. Hali ya mama ikizidi kuwa mbaya, piga simu ofisi ya pasipoti uwaeleze, ukiwa na barua ya daktari mkononi, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza kama imeandikwa kwa Kiswahili. Wana utaratibu wa kuangalia maombi ya wenye dharura ya ugonjwa au msiba wa jamaa wa karibu. Hawaahidi, lakini hawajui kama una dharura mpaka uwaambie.

Omba kwa mtandao, kwenye ukurasa wenyewe wa serikali unaoishia na gov.uk, wala usipitie kurasa zinazofanana nao ambazo hutoza ada ya juu kwa kazi ya kujaza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe kwa nusu saa. Ada ilipandishwa 2023, ikapandishwa 2024, na Aprili 2025 ikafika pauni 94.50 kwa mtu mzima na pauni 61.50 kwa mtoto kwa wanaoomba mtandaoni, huku fomu ya karatasi ikiwa pauni 107 na pauni 74. Kwa mwendo huo angalia kiwango cha siku utakayolipa, usitegemee alicholipa jirani. Kumbuka pia kwamba fedha hizo hazirudi maombi yakikataliwa, na hilo nitalirudia nikifika kwa binti yako.

Hati utakazotakiwa kupeleka kwa posta ni cheti chako halisi cha uraia wa tajnisi, si kivuli, pamoja na pasipoti uliyoingilia nchini. Usishtuke kukipeleka cheti chenyewe; wanakirudisha. Lakini kabla hujakitia kwenye bahasha, kisome herufi kwa herufi, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kwa sababu pasipoti itafuata kilichoandikwa humo, na cheti chenye kosa hurekebishwa kwanza na idara ya uraia iliyokitoa, wala si ofisi ya pasipoti. Toa kopi ya kila hati, tuma kwa posta ya kusainiwa, na risiti uihifadhi. Kama bado unayo nakala ya maombi yako ya uraia, iweke mezani unapojaza fomu ya pasipoti. Mimi mwenyewe nilipoomba yangu ya kwanza niliandika kwamba marehemu baba alizaliwa 1942, ilhali kwenye maombi ya uraia, miaka miwili kabla, nilikuwa nimeandika 1944. Zote mbili nilikuwa nimezisikia nyumbani, na sikukumbuka nilichagua ipi. Barua ya kutakiwa maelezo ilikuja, nikaeleza, wakaelewa, lakini wiki 4 zilikwisha hapo. Wazee wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na ndiyo maana tarehe zao za kuzaliwa zimeangukia 1 Januari. Hilo si kosa. Kosa ni kuwa na tarehe mbili kwa mzee mmoja.

Utahitaji pia mtu wa kuthibitisha kwamba picha ni yako. Wengi wetu humwita mdhamini, ingawa hadhamini fedha wala deni. Kwa anayeomba akiwa ndani ya Uingereza, mtu huyo awe anaishi hapa, awe na pasipoti hai ya Uingereza au Ireland, awe amekufahamu kwa angalau miaka 2, na awe na kazi inayotambulika au heshima katika jamii: mwalimu, mhasibu, afisa wa benki, imamu wa msikiti, diwani, muuguzi aliyesajiliwa. Asiwe ndugu yako wala shemeji yako, asiwe mchumba, na asiwe anaishi nawe nyumba moja. Wewe ni muuguzi, kwa hiyo wodini kwako hutakosa mwenzako anayefaa. Daktari wako wa zahanati ndiye ambaye watu humkimbilia na ndiye anayekataliwa, isipokuwa awe rafiki anayeweza kukutambua kwa picha bila kufungua faili lako. Ukiomba mtandaoni, yeye hupelekewa baruapepe, akaingia kwa namba ya pasipoti yake, akaiona picha yako na kujibu maswali machache. Mwambie mapema aitarajie baruapepe hiyo, kwa sababu nimeona maombi yamelala siku 10 kwa kuwa ujumbe uliangukia kwenye kapu la barua taka, na mwombaji anakaa akilaumu ofisi.

Picha iwe imepigwa ndani ya mwezi mmoja uliopita, nyuma kuwe na ukuta au kitambaa chenye rangi nyepesi kisicho na maua, usitabasamu, na miwani ni bora uivue. Hijabu inakubalika kwa kuwa ni vazi la dini, ila uso wote uonekane, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji, na mtandio usitupe kivuli mashavuni, jambo linalotokea sana ukipigiwa picha chini ya taa ya dari. Ukienda kwenye kibanda cha picha au duka linalotoa msimbo wa picha ya kidijitali, utaondokana na tabu ya kupandisha picha mwenyewe.

Huenda ukaitwa kwenye mahojiano, kwa video au ana kwa ana. Si mtihani wa Kiingereza, wala hawakuulizi historia ya wafalme, hiyo ulishaimaliza kwenye mtihani wa uraia. Wanataka tu kuhakikisha kwamba mwenye kuomba ndiye mwenye cheti. Watakuuliza uliishi wapi, na nani, wazazi wako wamezaliwa lini na wapi, nani amekuthibitishia picha na mlijuana vipi. Jibu unachokijua, na usichokijua sema hukijui.

Kuhusu jina la mume. Inawezekana kisheria, kwa cheti cha ndoa na tafsiri yake iliyofanywa na mfasiri anayetambulika endapo cheti hakiko kwa Kiingereza. Hata hivyo sikushauri. Ofisi ya pasipoti inafuata kanuni ya kutaka mtu awe na jina moja katika hati zake zote, na kama una pasipoti ya nchi nyingine ambayo haijafutwa na jina lake linatofautiana na unaloliomba, watakutaka kwanza uyalinganishe. Tuseme cheti chako na pasipoti ya Tanzania vyote vimeandikwa Asha Haji Makame: jina lako, la baba, la babu. Ukiomba pasipoti ya Asha Salum kwa kuwa wodini wanakuita Mrs Salum, umejifungulia mlango wa barua, viapo na wiki nyingi za ziada, na kwa ajili ya jina ambalo, tukisema kweli, si desturi yetu. Kwetu mwanamke huolewa na jina la baba yake, na huzikwa nalo. Kilicho chepesi zaidi ni kuomba kwa jina la cheti, kisha pasipoti ikishatoka uipeleke kazini na benki wao ndio wakufuate. Chunga tu tahajia: Asha si Aisha, Mohamed yenye m moja si Mohammed, na Othman si Athumani. Kwa Kiswahili tunasikia jina lile lile, kwa mashine ni watu wawili.

Matokeo mengine ya majina yetu ni kwamba neno la mwisho ndilo wanalolifanya kuwa jina la ukoo, na hivyo wewe utakuwa Makame, wakati mwanao, ambaye jina lake la mwisho ni la babu yake mzaa baba, atakuwa na lake. Afisa wa mpakani anayemwona mwanamke na mtoto wenye majina tofauti anaweza kuuliza uhusiano wenu, nayo ni haki yake, kwani anawalinda watoto wanaosafirishwa bila idhini. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, vile virefu vyenye majina ya wazazi, na kama baba yao hasafiri nanyi, barua yake fupi ya kuridhia safari.

Tuje kwa huyu mdogo mwenye pasipoti iliyofuliwa. Yeye ndiye mwepesi kuliko nyote watatu. Chini ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, mtoto anayezaliwa hapa na mzazi ambaye ni raia au ana ukaazi wa kudumu ni raia tangu anapozaliwa, na uraia wake hautokani na kiapo chako cha wiki mbili zilizopita. Uraia wake hauondoki kwa maji ya sabuni, lakini pasipoti imekwisha. Usijaribu kuianika ukaipiga pasi na kuondoka nayo, hata kama picha bado inaonekana. Ofisi ya pasipoti huihesabu kuwa imeharibika pasipoti ambayo maandishi yake hayasomeki, iliyochanika, iliyokosa kurasa, yenye jalada lililotoboka au yenye madoa ya wino au maji, na isitoshe ndani yake mna chipu ambayo huenda haikupenda mzunguko wa nyuzi 60. Mwombee pasipoti ya badala, ueleze kwa sentensi mbili ilivyoharibika, na upeleke ile iliyoharibika pamoja na maombi. Watu hutaka kubaki nayo kwa kumbukumbu, haiwezekani.

Kwa kuwa ana chini ya miaka 12, naye atahitaji mtu wa kumthibitisha, na mtu huyo sharti awe anakufahamu wewe unayeomba kwa niaba yake kwa miaka 2 na awe anaweza kumtambua mtoto. Yule yule mwenzako wa wodini anaweza kufaa kwa nyote wawili kama amewahi kumwona mtoto. Picha ya mtoto wa chini ya miaka 6 si lazima aangalie kamera moja kwa moja wala awe na uso mkavu, ila macho yawe wazi. Kufumba kunasamehewa kwa wa chini ya mwaka mmoja peke yao. Pasipoti yake itadumu miaka 5, yako miaka 10. Maombi ya badala kwa kawaida huchukua takriban wiki 3, na tofauti na yako, huyu anaweza kulipiwa huduma ya haraka ya wiki moja katika mojawapo ya ofisi zenye kaunta, ambazo ni London, Peterborough, Durham, Liverpool, Newport, Glasgow na Belfast. Kwako Peterborough na London ndizo za karibu. Lakini kwa kuwa yeye hawezi kusafiri bila wewe, na wewe utangoja zaidi, sioni sababu ya kulipia haraka hiyo.

Binti yako ndiye anayenifanya nikuandikie kwa urefu, maana hapa ndipo akina mama wengi hupoteza fedha. Usimwombee pasipoti ya Uingereza. Yeye si raia. Alizaliwa Unguja wakati wewe ulikuwa bado Mtanzania, na uraia ulioupata sasa haurudi nyuma kumfikia. Unamfikia mtoto atakayezaliwa baada ya kiapo, hata akizaliwa Unguja, wala si aliyekwisha kuzaliwa. Ukipeleka maombi yake yatakataliwa na ada itabaki kwao. Anachostahili kuombewa ni kusajiliwa kuwa raia, kwa fomu iitwayo MN1, chini ya kifungu cha 3(1) cha sheria ile ile ya 1981, na maamuzi hutolewa kwa hiari ya waziri, ingawa mtoto mwenye ukaazi wa kudumu ambaye mzazi wake ni raia na maisha yake yote yako hapa ana hoja nzuri. Ada yake mwaka 2025 ilizidi pauni 1,000, na tangu Juni 2022 kuna utaratibu wa kusamehewa kwa familia inayoweza kuonesha kwamba haimudu. Kwa kuwa ana miaka 9, jua pia kwamba kuanzia miaka 10 mtoto hupimwa kigezo cha tabia njema. Si jambo la kumhofia binti wa shule ya msingi, lakini ni sehemu moja zaidi ya kujaza. Akishapata cheti cha usajili, hapo ndipo pasipoti inakuja.

Kwa safari hii ya sasa, binti yako asafiri kama alivyo: Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania na viza ya kielektroniki. Ingia kwenye akaunti yake ya uhamiaji uhakikishe kwamba namba ya pasipoti iliyosajiliwa humo ndiyo ya pasipoti anayoisafiria. Kama mlihuisha pasipoti yake ubalozini na hamkubadilisha namba kwenye akaunti, kaunta ya ndege itaona mtoto asiye na ruhusa, na mtaachwa nyote kwa ajili yake. Mkifika Unguja yeye ataingia kama mwenyeji, wewe na mdogo wake mtaingia kama wageni, kwa viza ya Tanzania ambayo huombwa mtandaoni, na kwa bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar, ambayo tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mtu mzima huilipia dola 44. Najua inauma kuombwa bima ya mgeni kwenye uwanja ambao ukitoka nje yake unapokewa na wajomba. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6. Zenu zitakuwa mpya, kwa hiyo hilo halitakusumbueni.

Baada ya pasipoti yako kufika, hati ulizopeleka zitakuja kwa bahasha nyingine, mara nyingi siku tofauti, basi usiogope ukipokea kitabu bila cheti. Kagua jina na tarehe kabla hujatia sahihi. Ile ya Tanzania ikirudi, ipeleke Ubalozi wa Tanzania London ukaikabidhi, na uombe barua ya kwamba umeikabidhi, uiweke pamoja na cheti chako. Barua hiyo ndiyo utakayoionesha siku yoyote ukiulizwa, na ofisi ya pasipoti au na mtu mwingine, kama bado unashika hati ya nchi nyingine.

Kuhuisha kwenu kwa baadaye kutakuwa kazi ndogo, hasa kwako: miaka 10 ikikaribia unaomba mtandaoni, unapeleka ya zamani, na mara nyingi huhitaji mtu wa kukuthibitisha isipokuwa sura imebadilika sana. Usingoje siku za mwisho, ingawa tangu Septemba 2018 miezi iliyobaki haihamishiwi tena kwenye pasipoti mpya kama zamani. Ukiwa na safari ya nchi za Schengen, kumbuka kwamba wao huhesabu miaka 10 tangu siku ilipotolewa, na hutaka ibaki na miezi 3 baada ya siku unayopanga kuondoka kwao.

Kwa wiki hii, basi, piga simu kwa shirika la ndege kwanza, halafu mtafute yule mwenzako wa wodini umwombe ridhaa yake, kisha wewe na mdogo mkapige picha siku moja. Maombi yenu mawili yapeleke pamoja ila kila moja kwa bahasha yake na namba yake. Ya binti yapangie siku nyingine, kwa utulivu, mkisharudi kumwona bibi yake.